Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Deni Lililomo Ndani ya Kibali cha Fundi wa Kigeni



Leo tunakusudia kuizungumzia karatasi moja ambayo wengi wetu hatujapata kuiona kwa macho, ingawa riziki za vijana wetu zinaigusa. Ni ile karatasi ambayo mwajiri humwombea mtu wa nchi nyingine ili aje kufanya kazi ambayo wenyeji, kama inavyosemwa, hawana ujuzi nayo. Kwa lugha ya ofisi huitwa kibali cha kazi cha raia wa kigeni. Mitaani watu husema tu, "ana viza ya kampuni."

Kilichotutia ari ya kuandika ni swali la mzee mmoja wa Chanika, mjini Handeni. Tulikuwa tumetoka katika swala ya Ijumaa, watu wakiwa bado wanapeana mikono uwanjani, na magari mawili yenye mafundi wa kigeni yakapita kuelekea upande wa Korogwe. Mzee akayafuata kwa macho mpaka yalipopotea, kisha akatuuliza: "Wanangu, nyinyi mnaoandika magazetini, hawa jamaa watakapofunga mizigo yao, funguo watamwachia nani?" Hakukusudia funguo za milango. Tulimjibu kwa maneno ya heshima ambayo hayakuwa jibu, na tangu siku hiyo tumekuwa tukilitafuta jibu lenyewe.

Asafiriye kutoka Korogwe kwenda Handeni huvuka Mto Pangani, kisha hufuata lami ya kilomita 65 kuingia katika nchi ya Wazigua. Katika wilaya hizi mbili yamepita, au yanapita, mabomba mawili makubwa. La kwanza ni la maji. Handeni ni mji ambao kiu yake haihitaji kuelezwa kwa wakazi wa mkoa wa Tanga. Kwa miaka mingi umetegemea mradi wa HTM, ambao huyachukua maji upande wa Korogwe na kuyapandisha Handeni. Mwezi Juni 2022 ilitiwa saini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, unaogharimiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India, na miongoni mwa miji hiyo imo Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani. Bomba la pili ni la mafuta ghafi, lile litokalo Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambazo 1,147 kati yake zimo ndani ya Tanzania. Jiwe lake la msingi liliwekwa Chongoleani mwezi Agosti 2017, na uamuzi wa mwisho wa kutoa fedha za ujenzi ukatangazwa Februari 2022. Kabla ya kufika baharini hupita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza.

Mafuta ya Uganda ni mazito, yenye nta, na yakipoa huganda. Kwa hiyo bomba lake lapasa kuvikwa koti la kuzuia joto lisipotee na kupashwa moto njia nzima, ili mafuta yakae katika joto la nyuzi zipatazo 50. Kiwanda cha kuyavika mabomba hayo koti kilijengwa Sojo, wilayani Nzega. Kuunga bomba la namna hiyo si sawa na kuunga geti la nyumba. Kila kiungo hupimwa kwa vyombo, na kikionekana hakifai, kazi hurudiwa. Ni wazi kwamba kazi hiyo ilihitaji watu waliokwisha kuifanya kwingine, nasi hatuna ugomvi na jambo hilo. Hata katika safari ya Hijra, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, pamoja na Abu Bakr, walimwajiri Abdullah bin Urayqit awaonyeshe njia ya kwenda Madina, naye wakati ule hakuwa Mwislamu. Alijua njia na alikuwa mwaminifu katika kazi yake, basi akakabidhiwa ngamia na akaaminiwa siri ambayo Makureshi waliitolea zawadi kubwa.

Tatizo letu, basi, si kuja kwa mgeni. Tuitazame karatasi yake.

Mgeni anayeajiriwa Tanzania huwa na nyaraka mbili. Moja ni kibali cha ukaazi, kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji kwa mujibu wa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995. Wawekezaji na wanaojiajiri hupewa daraja A, na walioajiriwa hupewa daraja B. Nyingine ni kibali cha kazi, ambacho tangu Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 hutolewa na Kamishna wa Kazi. Anayeomba ni mwajiri. Yeye ndiye anayepaswa kumridhisha Kamishna kwamba alijitahidi kumtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo asimpate. Jina la mwajiri na kazi yenyewe huandikwa katika kibali, na mgeni hawezi kukichukua kibali hicho akaenda kumfanyia kazi mtu mwingine wa ng'ambo ya barabara. Sheria ilipotungwa ilisema kibali kitadumu miezi 24, kitaweza kuhuishwa, na jumla yote haitazidi miaka 5, isipokuwa kwa mwekezaji ambaye mchango wake katika uchumi ni mkubwa. Hesabu za namna hii hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo anayetaka kipimo cha leo aiulize ofisi ya kazi, asitegemee gazeti la zamani lililofungiwa vitumbua.

Ndani ya sheria hiyo limo sharti moja ambalo, kwa maoni yetu, ndilo jibu la mzee wa Chanika. Mwajiri anayeleta mtaalamu wa kigeni ametakiwa kuandaa mpango wa urithishaji, yaani mpango ulioandikwa na kueleweka, unaoonyesha ni jinsi gani elimu na ujuzi wa mgeni yule utahamia kwa raia katika muda wa ajira yake. Tena ametakiwa kuweka mafunzo kwa wafanyakazi wa hapa katika fani ileile aliyoletewa mgeni. Hili halikuachwa liwe hisani ya mwajiri mwema. Limewekwa ndani ya sheria. Kwa hiyo kila mgeni tunayemwona akishuka garini Handeni au Korogwe akiwa na kibali halali, nyuma yake ipo ahadi ambayo mwajiri wake ameshaitoa kwa maandishi. Mgeni ni halali yake kuwapo, na kijana wa hapa ni haki yake kufundishwa. Vitu hivyo viwili vimefungwa katika fundo moja, na anayelifungua upande mmoja amelifungua lote.

Na Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Surat al-Qasas habari ya mfanyakazi mgeni. Nabii Musa, amani imshukie, aliingia Madyan akiwa mkimbizi asiye na nyumba wala jamaa. Akawakuta mabinti wawili wamezuiwa na msongamano wa wachungaji, akawanyweshea wanyama wao bila ya kudai ujira. Mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, akitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Yule mzee mwema akamwekea Musa mkataba wa miaka minane, na kama angetimiza kumi, hiyo ingekuwa hiari yake mwenyewe. Akamhakikishia kwamba hakusudii kumtaabisha. Musa naye akajibu kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili, asifanyiwe dhuluma, na Mungu ni shahidi. Tumeisikia habari hii kwenye darsa mara nyingi, na mara nyingi tumeishia kwenye ndoa. Mara chache tumeketi kuutazama mkataba wenyewe: muda ulijulikana, mzigo ulijulikana, nyongeza iliachwa kwa hiari ya mwajiriwa, na muda ulipokwisha alichukua ahali zake akaenda zake bila ya kuzuiwa na mtu.

Tukirudi Korogwe, watu wake hawana haja ya kufundishwa maana ya kazi ya mkataba, kwani mji ule ulikua pamoja nayo. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na mkonge ukafuata reli. Mmea huo wenyewe ulikuwa mgeni. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Miche iliondoka ikiwa elfu moja, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yakatokea mashamba ambayo mpaka leo mtu huyaona akiwa ndani ya basi, kuanzia Ngombezi hadi Hale na Magoma, mistari myeupe na ya kijani isiyokwisha.

Katika mashamba yale yalikuwapo makundi mawili ya watu waliotoka mbali, na karatasi zao hazikufanana. Kundi la juu lilikuwa la mameneja, mainjinia wa mitambo ya korona na wahasibu: Wajerumani kwanza, kisha Waingereza, Wagiriki, Waswisi na Wahindi. Kundi la chini lilikuwa la wale tuliowaita manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya wafanyakazi, SILABU, iliyowatoa watu Kigoma, Songea, Mbeya, Ruanda-Urundi na Msumbiji, na Korogwe ikawa miongoni mwa vituo walivyoshushiwa kabla ya kugawiwa mashamba. Kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hiyo akaitwa. Alishika kadi ya kipande yenye siku 30 za kazi, na siku ambayo hakuimaliza kazi aliyopimiwa haikuandikwa. Wapo wazee Korogwe ambao baba zao walikuja hivyo, wakaoa, wakazika wazazi na watoto katika ardhi ya Wasambaa na Wazigua, na majina ya makabila yao ya asili yamebaki katika majina ya mitaa tu.

Tunaitaja historia hii kwa sababu ina somo la ujuzi ndani yake. Mwaka 1964 Tanzania ilivuna takriban tani 230,000 za mkonge, na hakuna nchi iliyoipita duniani. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1990, mavuno yalikuwa yameshuka hadi takriban tani 20,000, na mwaka 1998 mashamba yaliyokuwa ya serikali yakauzwa kwa watu binafsi. Hatusemi kwamba ukosefu wa ujuzi pekee ndio ulioangusha mkonge. Kamba za plastiki ziliingia sokoni, bei ikaporomoka, na hilo lingemwumiza meneja wa taifa lolote. Lakini wale waliofanya kazi korona katika miaka ile hukueleza jambo jingine vilevile, kwamba mainjinia wa kigeni walipoondoka, waliondoka na vichwa vyao. Mtu alikuwa amesukuma kitoroli miaka 20 kando ya mtambo bila ya siku moja kuambiwa kwa nini mtambo hunguruma kabla ya kukatika mkanda. Utawala wa kikoloni haukumdai mwajiri mpango wowote wa urithishaji, naye hakuuandaa.

Kuna jambo moja la pembeni ambalo hatuwezi kuliacha lipite. Mbegu chotara ya mkonge inayojulikana kwa namba 11648 ilizaliwa Tanganyika, katika utafiti wa Amani na Mlingano, jirani kabisa na Korogwe. Mbegu hiyo leo ndiyo inayotawala mashamba ya mkonge ya China. Wao waliichukua mbegu na elimu yake, wakaviendeleza vyote viwili. Hatuwalaumu hata kidogo. Tunawaonea wivu ule unaoruhusiwa.

Sasa tumsogelee kijana wa leo. Jina lake hatutalitaja, wala kampuni hatutaitaja, kwa kuwa hatukukusudia kumponza mtu. Ni mtoto wa Manundu, Korogwe, amesoma uchomeleaji katika chuo cha VETA na cheti anacho. Aliajiriwa na mkandarasi mmoja akawekwa kuwa msaidizi wa fundi wa kigeni. Tulipomwuliza kazi yake ni nini, alisita, kisha akasema: "Namshikia." Anashika nini? Anashika kishikio, anashika taa, anashika mwavuli jua likiwa kali. Siku moja aliomba aruhusiwe kuchomelea kipande cha bomba bovu kilichotupwa, ili fundi amtazame. Msimamizi akakataa, akasema vijiti vya kuchomelea vinahesabiwa. Kijana huyo ameandikwa katika daftari la kampuni kuwa yumo mafunzoni. Yeye mwenyewe alilijua hilo siku alipotakiwa kutia saini fomu, akasoma juu ya jina lake neno "mwanafunzi wa kazi", na fomu ile ilikuwa ni ya miezi sita iliyokwisha pita.

Baba yake ni mtu mpole. Alisema, "Mwanangu analipwa kila mwezi, mshahara hauchelewi, tulalamike nini?" Tulimwelewa. Katika nyumba yenye watoto watano, mshahara usiochelewa si jambo dogo, na hakuna mzazi atakayemshauri mtoto wake aupige teke kwa ajili ya elimu ya kuunga chuma. Hata hivyo mkataba wa yule mkandarasi una mwisho, na bomba likiisha kufukiwa halihitaji tena mshika mwavuli. Litahitaji mtu wa kulikagua, wa kulitengeneza, wa kujua ugonjwa wake kwa kusikia mlio wa pampu. Mtu huyo kama hatapatikana Korogwe, mwajiri ataandika tena barua kwa Kamishna kwamba amemtafuta Mtanzania mwenye ujuzi na hakumpata, na safari hiyo atakuwa anasema kweli.

Na fundi mwenyewe wa kigeni je? Tulipata kukaa naye, kwa kuwa huswali pamoja na majirani katika msikiti mmoja wa Korogwe, na kijana ndiye aliyetutambulisha. Ni mtu wa Bara Hindi, ameacha mke na mabinti wawili, na Kiswahili chake ni cha salamu na cha sokoni. Tulikwenda tukidhani tutamkuta bahili wa elimu. Tulimkuta ni mtu mwenye hofu. Alitueleza kwamba kibali chake kiko chini ya jina la mwajiri, tiketi yake ya kurudi iko kwa mwajiri, na kabla ya hapa alifanya kazi miaka saba katika Ghuba ambako hati yake ya kusafiria ilikaa katika kabati la ofisi mpaka siku ya kuondoka. Hajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba kufundisha ni sehemu ya sababu ya kuletwa kwake. Yeye hupimwa kwa idadi ya viungo anavyomaliza kwa siku. Akisimama saa moja kumfundisha kijana, saa hiyo hupunguzwa katika hesabu yake. "Nyumbani kwetu," alisema, "fundi asiye na mwanafunzi huonekana kama mtu asiye na mtoto."

Maneno yake yalitukumbusha watoto wetu wenyewe walioko nje, kwani karatasi ile inayomleta yeye Korogwe ni ndugu ya karatasi inayowapeleka wao Muscat, Doha, London na Marekani. Huko Ghuba mfumo huitwa kafala, na mdhamini huitwa kafili. Kwa muda mrefu mfanyakazi hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ya barua ya ridhaa ya kafili wake. Qatar iliiondoa barua hiyo mwaka 2020. Oman ikafuata tangu Januari 2021 kwa aliyemaliza mkataba wake, na Saudi Arabia ikalegeza mwezi Machi 2021, ingawa wafanyakazi wa majumbani waliachwa nje ya mlango. Kwa hiyo mzazi mwenye binti nesi anayekwenda Oman leo hana budi kujua kwamba sheria imebadilika kwa manufaa yake, na kwamba mabadiliko hayo hayamsaidii kitu asipokuwa na nakala ya mkataba mkononi mwake.

Wala tusidhani kwamba Ulaya na Marekani fundo hilo halipo. Marekani, viza ya wataalamu iitwayo H-1B iliwekwa na sheria ya mwaka 1990. Kila mwaka nafasi mpya zilizotengwa ni 65,000, na 20,000 zaidi kwa wenye shahada ya juu za vyuo vya huko, na waombaji wakizidi hupigiwa bahati nasibu. Mwenye viza hiyo akiachishwa kazi hupewa siku zisizozidi 60 kupata mwajiri mwingine au kubadili hadhi yake, la sivyo aondoke yeye na mke na watoto, hata kama watoto wameshasahau lugha ya bibi yao. Mwezi Septemba 2025 Rais Trump alitoa tangazo la kumtaka mwajiri alipe dola 100,000 kwa ombi jipya la mtu aliyeko nje ya nchi. Uingereza iliwafungulia mlango watunza wazee mwaka 2022, Waafrika wengi wakaingia, baadhi yao wakiwa wamewalipa madalali fedha za mauzo ya shamba. Waajiri kadhaa wakanyang'anywa leseni ya udhamini, na watu wakabaki na siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine katika nchi ya baridi. Julai 2025 mlango huo ukafungwa kwa wanaoomba kutoka nje.

Tumeyataja haya ili familia za Handeni na Korogwe zione kwamba yule fundi si adui aliyekuja kunyang'anya tonge. Amefungwa na kamba ileile itakayomfunga mtoto wetu akivuka bahari. Anayemwita mgeni yule mwizi wa ajira, amsikilize kwanza mjomba wake aliyeko Muscat anasemwa vipi na vijana wa huko. Wa kudaiwa ni aliyetia saini.

Na kudai kwenyewe kuna adabu na kuna utaratibu. Katika safari yetu tulizisikia lawama nyingi vijiweni, lakini hatukumpata hata mtu mmoja aliyewahi kumwuliza mwajiri: katika mpango wenu wa urithishaji, nafasi hii ya fundi wa kigeni itarithiwa na nani, na lini? Ni swali la sentensi moja. Kijana akiliuliza peke yake huenda akaonekana mkorofi. Likiulizwa na baraza la kata, au na diwani, au na chama cha wafanyakazi, au na wazee wa mji pale mkandarasi anapokuja kujitambulisha na kuomba ushirikiano, linakuwa ni swali la wenyeji kwa mgeni wao. Maofisa wa kazi wana mamlaka ya kukagua. Hawawezi kukagua wasilopelekewa. Katika kazi za mafuta na gesi zipo pia kanuni za mwaka 2017 za ushiriki wa Watanzania, zilizotungwa chini ya Sheria ya Petroli ya 2015, ambazo nazo zinadai mipango ya mafunzo kwa maandishi. Na kwa wale wanaokwenda nje, kabla ya kumpa dalali hata shilingi moja, TaESA, ambacho ni kitengo cha serikali cha huduma za ajira, kinaweza kuulizwa kama wakala huyo ana leseni.

Akina mama walikuwa wepesi zaidi kulielewa jambo hili kuliko sisi. Mama wa yule kijana wa Manundu, aliyekuwa akitusikiliza kutoka uani huku akichambua mboga, aliingilia kati kwa sauti ambayo haikuwa ya kutuomba ruhusa. Alisema kwamba yeye alipompeleka bintiye kwa fundi cherehani, alikubaliana na fundi mbele ya shangazi yake mtu: mwezi wa kwanza atashona pindo, wa pili atakata kanga, wa sita atakata gauni. Mwezi wa tatu ulipofika binti bado anafagia duka, alikwenda akamchukua. "Sasa hii kampuni," akasema, "mwezi wa kukata gauni ni upi?" Mume wake alicheka, nasi tukacheka, lakini kalamu zetu zilikuwa zinaandika.

Siku ya tatu yule baba mpole alitujia asubuhi mahali tulipofikia, kofia kichwani, bahasha mkononi. Alikuwa ameandika barua kwa mkono wake, ukurasa mmoja, kwa meneja wa mkandarasi, na nakala kwa ofisi ya kazi ya mkoa, Tanga. Hakumlaumu mtu ndani yake. Alishukuru kwa mshahara wa mwanawe, akamsifu fundi wa kigeni kwa tabia yake njema, kisha akaomba aonyeshwe ratiba ya mafunzo ambayo mwanawe ameandikwa kuwamo, na aelezwe ni lini ataruhusiwa kuchomelea kiungo chake cha kwanza huku fundi akimtazama. Akaomba pia kwamba saa ambazo fundi atafundisha zisihesabiwe kuwa ni upungufu wa kazi yake. Alitaka tumsahihishie maneno. Tulibadilisha mawili tu, tukamrudishia.

Barua ilipokewa getini na kugongwa muhuri. Nakala ya Tanga ilipelekwa kwa basi la siku hiyohiyo. Mpaka tunaandika haya ni wiki ya tatu, na kijana ametueleza kwamba msimamizi alimwita, akamwuliza nani aliyemwandikia baba yake, kisha akamwagiza afike kazini Jumatatu akiwa na miwani yake mwenyewe ya kuchomelea.